Kupita loki za mifereji ya Uingereza na boti nyembamba, na kuondoka hapo na marafiki: mwongozo kamili

Wakuu, kila ikikaribia Pasaka na zile sikukuu za Mei naanza kupata meseji zilezile. Tumekodi boti, mwanzo raha tupu, tumefika kwenye loki (lile shimo lenye mageti linalopandisha au kushusha boti kwa maji) tumevurugwa. Mmoja boti yake imeinuka nyuma ikabaki inaning'inia, mwingine kadondosha hendeli zote majini saa nne asubuhi, mwingine kagombana na shemeji yake mbele ya watu wanaokula lanchi kwenye baa ya pembeni. Afu karibu wote wanamalizia kwa kusema hao watu wa mifereji wanoko, hawana salamu, walibaki kutuangalia tu.

Sio wanoko. Ni watu wa kupiga stori mpaka uwakimbie, ila wanakupimia kwenye loki, wakiona unafungua maji hovyo huku unachezea simu wanakaa mbali maana wanaziogopea boti zao, wakiona unaenda taratibu na unafunga geti nyuma yako wanakuja wenyewe. Ndo maana humu nimeweka vyote viwili pamoja, loki na urafiki, ukiharibu kimoja na kingine kimeenda.

Naongelea boti nyembamba, zile naroboti za chuma zenye upana wa mita 2 na kidogo tu na urefu unaoweza kufika mita 21 hivi, kwenye mifereji ya England na Wales inayosimamiwa na Canal & River Trust. Kwa boti ya kukodi huhitaji leseni ya kuendesha, kampuni inakupa maelezo kabla hujaondoka, shida ni kwamba maelezo unapewa siku ya kufika ukiwa umechoka na safari, watoto wana njaa, unaitikia ndio ndio na hakuna kilichoingia kichwani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujang'oa kigingi

- Hendeli za loki (windilasi), ile yenye umbo la L ya kuzungushia meno ya vilango vya maji, vile vidirisha vinavyoingiza na kutoa maji ya loki. Mbili ni lazima, omba ya tatu. Hakikisha inakaa sawasawa kwenye chuma, kuna saizi zaidi ya moja na ikilegea itachomoka mkononi.
- Sumaku kubwa yenye kamba. Hendeli ya chuma ikizama unaivua nayo, ya aluminiamu sahau, sumaku haiishiki.
- Ufunguo wa huduma za mfereji, kwa ajili ya bomba za maji na vyoo. Baadhi ya loki za mijini vilango vinafungwa na kufuli dhidi ya wahuni, hizo zina ufunguo wake mwingine, ulizia kama njia yako inapita huko.
- Kamba tatu: ya omo (mbele ya boti), ya tezi (nyuma), na ya katikati ambayo inalala juu ya paa na kurudi hadi kwa nahodha. Hii ya katikati ndo utaitumia kuliko zote.
- Vigingi na nyundo, pamoja na vile vyuma vya kukamatia kingo zilizojengwa kwa bati nene.
- Jaketi za kuokolea. Watoto wanavaa muda wote wakiwa nje, sio mpaka mama yao akumbuke.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli inayoshika. Kandambili acha ndani.
- Glavu na sabuni. Maji ya mfereji yanaweza kuwa na ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya, kwa hiyo osha mikono kabla ya kushika mkate, na ukiwa na kidonda kifunike.
- Ramani inayoonyesha loki, sehemu za maji na sehemu za kugeuzia boti. Boti ya mita 18 haigeuki popote unapojisikia.
- Chupa ya chai ya moto na vikombe vya ziada. Hii sio utani, utaona mbele.

## Hatua ya 1: Chagua njia inayokuendana

Wengi wanafeli hapa kabla hata hawajagusa maji. Mtu hajawahi kushika usukani anachagua njia inayopita Tardebigge, loki 30 mfululizo, ndefu kuliko zote Uingereza, au Caen Hill kule Devizes yenye loki 29, kati ya hizo 16 zimepangana kwa mstari kwenye mlima. Hapo utamaliza siku nzima na mgongo juu.

Kwa wageni napendekeza mfereji wa Llangollen. Ukianzia kijiji cha Trevor hadi mji wa Llangollen hakuna loki hata moja, ukigeuka upande wa pili unavuka daraja la maji la Pontcysyllte, lilikamilika 1805, lina urefu wa mita 307 na liko mita 38 juu ya mto, upande mmoja wa boti hakuna hata reli, unaangalia chini moja kwa moja (wenye kizunguzungu waingie ndani wapike). Unaendelea kupitia Chirk na ndo unakutana na loki mbili tu za New Marton. Mbili zinatosha kujifunzia. Ubaya wake, kwenye kiangazi kuna foleni, ila kwa tunachotafuta foleni ni neema, watu wanashuka wanaanza kuongea.

## Hatua ya 2: Gawa kazi kabla ya kufika, sio mkiwa pale

Nahodha mmoja, mtu wa vilango mmoja mkuu, wengine wasaidizi. Mtu wa vilango ndo bosi wa loki, nahodha ndo bosi wa boti, na mtu wa vilango HAFUNGUI chochote mpaka nahodha anyanyue mkono. Ugomvi mwingi wa mashemeji unatokana na hili, watu wanne kila mmoja anatoa amri, injini inaunguruma hakuna anayesikia, mmoja kafungua maji mwingine bado anavuta kamba.

Kubalianeni ishara za mikono tatu: fungua, punguza, funga. Ya funga iwe kubwa na isifanane na nyingine. Msitegemee kupiga kelele, kwenye loki yenye kina nahodha yuko chini kwenye shimo na maji yanaporomoka, hata ukiita jina lake la ukoo hasikii.

Mkifanya mazoezi mkiwa bado mmefunga boti na kila mtu akarudia ishara bila kuuliza, mko tayari.

## Hatua ya 3: Izoee kana kwanza

Kana, yaani ule mkono wa usukani, unaenda kinyume. Ukisukuma kushoto, omo inaelekea kulia. Na boti haizunguki kwa mbele kama gari, inazungukia katikati, kwa hiyo ukikata kona tezi nayo inafagia upande wa pili. Wale wanaokaa kuangalia omo tu ndo wanaopigiza nyuma.

Mambo mengine ya haraka haraka. Kikomo cha spidi ni maili 4 kwa saa, na mara nyingi utatakiwa kwenda chini ya hapo. Breki hakuna, unasimama kwa kuweka rivasi, na anza mapema maana unasukuma chuma cha tani 15 au zaidi. Ukiweka nyutro usukani unakosa nguvu kwa sababu hakuna maji yanayosukumwa juu yake. Na mnapishana kwa kukaa kulia, sio kushoto kama barabarani, hili linawachanganya sana waliozoea kuendesha gari hapa hapa au nyumbani Tanzania na Kenya.

Ukipita boti zilizofungwa pembeni, punguza mpaka injini inanguruma tu kidogo, na punguza kabla hujazifikia, sio ukiwa ubavuni. Boti yako ikienda kasi inavuta maji, maji yanavuta boti zilizofungwa, vigingi vinang'oka, chai ya mtu inamwagika mezani. Mtu akitoa kichwa dirishani na kukwambia upunguze, huyo tayari umempoteza, na habari husafiri mbele yako, ukifika loki ya mbele wameshakujua. Umefaulu kama unapita na kamba zao hazikazi, anayeosha vyombo ndani anakupungia.

## Hatua ya 4: Isome loki kabla ya kugusa chochote

Loki ni kama ndoo kubwa yenye milango pande mbili, unaingia upande mmoja, maji yanaongezwa au yanapunguzwa, unatokea upande wa pili. Geti halifunguki mpaka maji ya pande zote mbili yalingane. Hii sentensi moja ukiielewa umeelewa loki zote.

Funga boti kwenye sehemu ya kusubiria, mtu wa vilango atembee na hendeli hadi juu. Angalia vitu vitatu: maji ya loki yako juu au chini, vilango vyote vimefungwa au kuna kimoja kimeachwa wazi, na je kuna boti inakuja kutoka upande wa pili?

Hiki cha tatu ndo wageni wanakiruka na ndo kinachochukiza kuliko vyote. Mfano wewe unapanda, loki imejaa, ina maana iko tayari kwa anayeshuka. Kama kuna mtu anakuja anashuka, loki ni yake, msubirie. Ukiimwaga ili uingie wewe, umetupa kama lita laki moja za maji kwenye loki nyembamba bila boti yoyote kupita, na yeye itabidi aijaze tena. Mifereji inakaukiwa kweli kiangazi, kuna miaka loki zinafungwa kwa kukosa maji, kwa hiyo sio roho mbaya wakikasirika.

Ukisubiri, usikae umekunja mikono. Nenda kamsaidie geti. Hapo ndo kikombe cha kwanza cha chai kinapoanzia.

## Hatua ya 5: Kupanda

Loki iwe tupu, geti la chini wazi, nahodha anaingia polepole kabisa. Fenda za ubavuni (yale maboya ya kukinga boti isigonge) zipandishwe juu ya paa kwanza, loki nyembamba imemzidi boti kwa vidole tu na fenda inaweza kuikwamisha pale. Funga geti la chini, hakikisha vilango vyake viko chini.

Subiri mkono wa nahodha. Fungua kilango cha ardhini, kile ambacho kiko pembeni ya geti na kinapitisha maji kwa chini, NUSU tu. Angalia boti. Maji yatairudisha nyuma, afu yataivuta mbele, nahodha anaishika kwa kucheza na gia, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikitulia malizia kukifungua, afu cha upande wa pili.

Vilango vya getini vyenyewe, vile vilivyobandikwa kwenye geti la juu, usiviguse mwanzoni. Ukivifungua loki ikiwa tupu maji yanaruka moja kwa moja kuingia omoni, na boti nyingi zina mlango na sitaha iliyo chini pale mbele. Dakika chache zinatosha kuijaza. Ngoja mpaka maji ya loki yamepanda na kufunika matundu yao.

Jicho la mtu wa vilango liko wapi muda wote huu? Kwenye omo. Inaweza kunasa chini ya boriti au chuma cha geti la juu huku maji yakiendelea kupanda, mbele inazuiwa, nyuma inapanda. Ukiona omo haipandi na nyuma inapanda, funga vilango vya juu SASA HIVI, uliza baadaye. Afu fungua vya chini taratibu maji yashuke, boti ijinasue.

Kuhusu hendeli: kwenye kila kifaa cha kuzungushia kilango kuna kijichuma kinachoshika meno ili kilango kisirudi chini. Kiweke, hakikisha kimeshika, afu TOA hendeli. Usiiache imening'inia. Kijichuma kikiteleza hendeli inazunguka kwa nguvu, inavunja mkono au inaruka usoni, au inaingia majini. Kushusha kilango ni kwa kuzungusha taratibu, sio kukiachia kianguke kwa kishindo, kwanza kinaharibika, pili kila mtu aliye karibu anageuka kuangalia nani huyo.

Geti likigoma kufunguka usilipige bega kwa hasira, maji hayajalingana. Egemea boriti, lile gogo refu la kusukumia geti, kwa makalio, miguu imekita kwenye yale matofali yaliyoinuka, tulia. Likiwa tayari litaanza kusogea lenyewe chini ya uzito wako, na ndo ishara yako kwamba umepanda salama.

## Hatua ya 6: Kushuka, na hapa naomba umakini

Ajali kubwa zaidi za loki zinatokea mkishuka. Chini ya geti la juu kuna kizingiti cha zege au mawe kinachotokeza ndani ya loki. Loki ikiwa imejaa hukioni, kiko chini ya maji. Maji yakishuka, kama tezi yako iko juu yake, nyuma inabaki imekaa juu ya kizingiti, mbele inaendelea kushuka, boti inainama, maji yanaingia omoni na inazama. Inachukua muda mfupi sana na boti zimezama hivi, sio stori za kutishia watoto.

Pembeni ya loki kuna mstari mweupe au alama inayoonyesha kizingiti kinapoishia. Nahodha apeleke boti mbele ya mstari huo, aache nafasi, abaki na gia ya mbele kidogo kidogo kuizuia isirudi. Na mtu wa vilango asisogee kwenda geti la chini mpaka ameangalia kwa macho yake usukani na tezi vimepita mstari. Sio kuuliza "vipi upo poa?" huku unatembea. Simama, angalia, ndo uende.

Kamba: usiifunge fundo. Ikiwa imefungwa kwenye nguzo na maji yanashuka, boti inaning'inia kwa kamba. Izungushe mara moja kwenye nguzo na uishike mkononi, uiachie kadri boti inavyoshuka. Kwenye loki nyembamba hata kamba mara nyingi haina kazi.

Fungua vilango vya chini nusu, angalia, malizia. Wasaidizi wagawane macho: mmoja omo, mmoja tezi. Simu mfukoni, video mtarekodi loki inayofuata akiwepo mtu asiye na kazi.

Ikikaa kwenye kizingiti au ikinasa popote: shusha vilango vya chini haraka, vyote, afu fungua vya juu taratibu maji yarudi, boti inyanyuke. Usifungue vya juu kwa nguvu, mafuriko ya ghafla yanaipiga boti ambayo tayari imeinama. Walio ndani watoke wasimame nje, mizigo waache.

## Hatua ya 7: Loki pana, na kuingia wawili

Kwenye mifereji kama Grand Union loki nyingi zina upana wa kutosha boti nyembamba mbili ubavu kwa ubavu. Hatton, karibu na Warwick, kuna 21 za hivyo zikipanda mlima. Ukifika chini pale peke yako USIANZE. Subiri mwenzio. Nusu saa ya kusubiri inalipwa na nusu ya kazi, na maji yanatumika mara moja kwa boti mbili.

Akija mtu mwambie kwa ufupi, unapanda? tupande wote? Karibu kila mara atakubali. Kama ni mara yako ya kwanza mwambie wazi, wala usione aibu, wazee wa mfereji wanapenda kufundisha kuliko kitu chochote. Ila ukimwambia unajua afu ukagonga ubavu wake kwenye loki ya kwanza, loki zilizobaki zitakuwa ndefu.

Mnaingia mmoja mmoja, wa kwanza anabana ukuta, wa pili anateleza pembeni yake. Wenye uzoefu wanaingia na kutoka sambamba, waache wao. Fungueni kilango cha upande ambao boti imebana kwanza kama kuna boti moja tu, maji yanazunguka chini na kuibana palepale ukutani, vinginevyo itatupwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mkiwa wawili mnajaza nafasi, hampati tabu hiyo.

Mpango unaofanya kazi: manahodha wawili wanabaki kwenye boti, mmoja wa timu yao na mmoja wa kwako wanafanya magetini, na watu wawili wanatangulia kwa miguu kuandaa loki inayofuata. Hao wawili wanaotangulia ndo watakaokuwa marafiki, wanatembea kilomita kadhaa pamoja bila kelele ya injini. Kwa hiyo kama kuna mtu kwenu anapenda watu, mpe kazi hiyo, na yule mkimya mpe kana. Kwenye loki za namna hii pia utakuta watu wa kujitolea wa Canal & River Trust wanasaidia, wasikilize, na ukiwa na biskuti wape.

## Hatua ya 8: Kutoka na kufunga

Mageti yafungwe, vilango vyote vishushwe, mtu mmoja azunguke kuhakikisha kabla ya kupanda botini. Kilango kimoja kilichoachwa wazi kinaweza kukausha kipande kizima cha mfereji usiku, asubuhi watu wanaamka boti zao zimelala kwenye tope. Isipokuwa kama mtu mwingine anakuja na amekuonyesha ishara anaingia, hapo mwachie geti wazi.

Usiruke kutoka ukutani kwenda botini, na usikatize juu ya geti lililo wazi. Nahodha asogee kwenye sehemu ya kupandia, asubiri.

## Hatua ya 9: Urafiki wenyewe

Salamu zao ni fupi. Sisi tumezoea kuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, huku ni "moning" na hali ya hewa, na wanaposema neno moja wamekusalimia kikamilifu, usidhani umedharauliwa. Msalimie kila unayepishana naye, kila mmoja, hata kwa kunyanyua mkono.

Mada zinazofungua mdomo: jina la boti na limetoka wapi, mbwa, injini, loki iliyoharibika mbele, na amini usiamini, choo. Watu wa boti wanaongea kuhusu choo kwa undani wa kushangaza, kipi bora, cha kasha la kubeba au cha tangi la kunyonywa, na kama umezoea kwamba hayo hayasemwi mbele za watu itabidi uzoee. Maswali ya kukwepa: boti ina thamani gani, na je winta hakuna baridi? La pili wanaulizwa na kila mpita njia, wengine wamechoka nalo kabisa.

Usikanyage boti ya mtu bila ruhusa. Piga hodi kwenye ubavu au dirisha ukiwa umesimama nchi kavu, usubiri. Hili kwetu halihitaji maelezo, ila nimeona watu wanasahau kwa sababu sitaha imekaa wazi, wanapanda kupiga picha. Ni nyumba ya mtu. Vilevile usiguse vilango kwenye loki yake kabla hujauliza, hata kama nia ni kusaidia, labda mkewe yuko peke yake kwenye usukani na hajajiandaa. Uliza, subiri jibu, saidia.

Jioni mkifunga boti, acheni nafasi ndogo kati ya boti na boti ili na wengine wapate pa kufunga, na usifunge kwenye sehemu ya kusubiria loki, bombani, konani wala pale pa kugeuzia. Injini zima saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, hiyo ni sheria kabisa. Muziki wa chini. Ukipika kitu chenye harufu, pilau kwa mfano, utaona watu wanapita polepole, hapo mkaribishe mtu kwa chai, kwanza chai, chakula kama akikaa. Usimlazimishe kula mara tatu tunavyofanya kwetu, akisema hapana ya pili ni hapana, hatanii. Kesho yake atakuja na kuni, au atakwambia ile loki ya mbele kilango cha kushoto kibovu tumia cha kulia, taarifa ambayo hakuna ramani itakupa.

Mkiachana chukua namba ya simu NA jina la boti, hasa jina la boti, maana wengi wanajuana kwa hilo tu na majina ya ukoo hawana habari nayo. Tena wale wanaoishi majini bila sehemu ya kudumu ya kufunga wanatakiwa kuhama kila baada ya siku 14 au pungufu, hivyo ukirudi mwezi ujao palepale ulipomuacha hutamkuta. Uliza kwa jina la boti kwa mwenye boti ya kuuza makaa na dizeli, hao wanapita kila mahali, atakwambia amemuona wapi mara ya mwisho.